Maswali ya wasomaji: figo zilianza kushindwa lini?

Barua za mwezi huu zimenifikia hapa Bukavu kutoka pande nne, na karibu kila moja imebeba maneno yaleyale ambayo familia hutoka nayo hospitalini kama watu waliosomewa hukumu: "Wametuambia figo zimekufa." Nitajibu kadiri nilivyoelewa, bila kuchukua nafasi ya daktari anayemwona mgonjwa, kwa sababu mimi nasoma barua tu, na yeye ndiye aliyeushika mkono wa mgonjwa.

*Jambo Daktari. Mwaka huu nyumbani kwetu tumeuguza watu wawili, na wote wawili tuliambiwa kwamba figo hazifanyi kazi. Wa kwanza ni shemeji yangu mwenye miaka 34, aliyeharisha na kutapika kwa siku mbili. Alifikishwa hospitali hana mkojo, na kreatinini yake ilikuwa 6,8. Baada ya siku kumi na mbili alirudi nyumbani, na sasa anafanya kazi zake kama zamani. Wa pili ni mama yangu mzazi, mwenye miaka 61, ambaye ana tansio ya siku nyingi. Yeye hakuharisha wala hakuwa na homa, alikuwa anachoka tu. Kreatinini yake ilikuwa 3,2, yaani chini ya nusu ya ile ya shemeji, lakini kwake daktari alisema figo hazitarudi. Familia imegawanyika: wengine wanasema mama alipuuzwa kwa sababu ni mzee, wengine wanasema karatasi zilibadilishwa labo. Inawezekanaje mwenye namba kubwa apone na mwenye namba ndogo asipone? Ni mimi, binti wa Kadutu.*

Binti yetu, pole kwa kuuguza wawili ndani ya mwaka mmoja. Katika yote uliyoandika sioni dalili ya karatasi kubadilishwa, wala ya mama kupuuzwa. Mmelinganisha namba mbili ambazo hazilinganishiki.

Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli kila siku, na figo ndizo zinazoitoa mwilini. Kwa mtu mzima mwenye figo nzima, kipimo huwa kati ya 0,6 na 1,3 hivi, kwa miligramu katika desilita moja ya damu. Ikipanda, tunajua kwamba taka zimelundikana. Lakini ukikuta rundo la takataka kando ya barabara, rundo lenyewe halikuambii kama wazoaji wamekosa kupita siku mbili au kama waliacha kuja miaka mitano iliyopita. Ndiyo maana daktari akiisha kuiona namba hujiuliza swali jingine lenye uzito zaidi, yaani hali hii ilianza lini, na jibu lake ndilo linalotenganisha kushindwa kwa figo kwa ghafla, ambako huja kwa saa au siku chache, na kushindwa kwa figo sugu, ambako huhesabiwa kuanzia miezi mitatu na mara nyingi kumechukua miaka.

Chukua bido ya lita 20, ile ambayo watoto wetu huipandisha mlimani asubuhi, kisha hesabu bido tisa. Hizo lita 180 ndizo majimaji ambayo figo mbili huchuja kutoka kwenye damu kwa siku moja, na karibu yote hurudishwa mwilini, ikabaki lita moja au mbili za mkojo. Kazi hiyo hufanywa na vichujio vidogo mno, karibu milioni moja katika kila figo. Shemeji yako alipoharisha, maji na chumvi vilimtoka kuliko alivyoweza kunywa, damu ikapungua ndani ya mishipa, na figo, ambazo kwa kawaida hupokea karibu sehemu moja kati ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, zikafunga bomba ili mwili usipoteze hata tone. Hali hiyo ikiendelea kwa saa nyingi, chembe zinazotanda ndani ya mifereji ya figo huanza kufa kwa kukosa hewa, lakini kichujio chenyewe kinakuwa bado kipo. Serumu ikiingia kabla mambo hayajaharibika zaidi, chembe mpya huota palepale pa zamani. Mara nyingi mgonjwa wa aina hii huanza kukojoa sana wakati kreatinini bado iko juu, na ndugu hushtuka, kumbe hiyo ni dalili kwamba kazi imeanza tena, mradi maji anayoyapoteza yarudishwe.

Sisi tunaoishi kando ya ziwa Kivu hatuna sababu ya kuona kuharisha kuwa jambo dogo. Julai 1994, kipindupindu na kuhara damu vilipoingia katika kambi za wakimbizi karibu na Goma, karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza tu, wengi wao kwa kuharisha. Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, mgonjwa akianza kunywa tangu choo cha kwanza cha maji, vimeokoa figo nyingi kuliko mashine yoyote ninayoijua.

Kwa mama ni habari nyingine. Tansio ya juu hukakamaza mishipa midogo inayolisha vichujio, kichujio kimoja kinakufa na mahali pake panabaki kovu, na vile vilivyobaki vinabeba mzigo wa waliokufa bila kulalamika. Figo haziumi. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake huku akienda sokoni na kanisani kama kawaida. Na ule uchovu wa mama ulioutaja, ambao mara nyingi watu huudhania kuwa uzee, unaweza kutokana na upungufu wa damu, kwa sababu figo ndizo zinazotoa homoni inayouamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu. Kovu halioti kichujio kipya. Hapo ndipo daktari aliposema hazitarudi, na alisema kweli, ingawa ningependa angewaeleza kwa utulivu zaidi.

Alijuaje? Pengine kwa ekografi, kwa kuwa figo zilizougua miaka mingi kwa kawaida husinyaa na kupungua chini ya sentimita 9, wakati figo nzima huwa kati ya 9 na 12 hivi. Ila katika ugonjwa wa sukari na ugonjwa wa ukimwi zinaweza kubaki kubwa na kudanganya. Pengine pia kwa damu iliyopungua. Lakini shahidi bora ni kipimo cha zamani. Nakumbuka binti mmoja aliyefungua fundo la kitenge mbele yangu, ndani yake kuna kadi ya uchaguzi na karatasi ya labo iliyokunjwa mara nne, wino wa zambarau umeshaanza kufifia: kreatinini 1,9, tarehe ya miaka mitatu nyuma. Karatasi ile ilituepusha na siku mbili za kubahatisha. Wengi wetu hutupa karatasi za labo mgonjwa akipata nafuu, au hufungia karanga.

Kuhusu mama, kwa umri wake kreatinini ya 3,2 huonyesha kwamba figo zimebaki na uwezo wa karibu 16 kwa 100. Madaktari hugawa ugonjwa sugu katika hatua tano; hatua ya nne ni kati ya 15 na 29, na ya tano ni chini ya 15. Mama yuko ukingoni mwa ya nne, basi bado kuna kitu cha kulinda. Tansio ishuke na ikae karibu na 13 kwa 8 au chini yake, dawa zake zisikatwe siku anapojisikia vizuri, chumvi ipungue (hapa nazungumzia makayabu na zile kyubu za mchuzi kuliko chumvi ya mezani), damu na mkojo vipimwe mara kwa mara. Ndizi, avoka, maharage na sombe zina potasiumu nyingi, lakini msimnyang'anye vyakula hivyo kabla kipimo hakijaonyesha kwamba potasiumu imepanda, kwa maana nimeona wazee waliodhoofishwa na miiko kuliko ugonjwa.

Na shemeji asijione amemaliza. Apimwe tena kreatinini miezi mitatu baada ya kuugua, kwa sababu figo iliyowahi kushindwa kwa ghafla huwa katika hatari zaidi ya kuingia kwenye ugonjwa sugu baadaye.

*Daktari, mimi ni mchimbaji wa dhahabu upande wa Kamituga. Tulimfukua mwenzetu aliyefunikwa na udongo shimoni kwa saa sita hivi, miguu yote miwili ikiwa chini ya jiwe. Alikuwa anazungumza nasi, hata akaomba sigara. Tulipoliondoa jiwe tulishangilia. Jioni alikojoa mkojo mweusi kama chai kavu, baadaye mkojo ukakatika, na siku ya tatu akafa. Walisema ni figo. Hajawahi kuugua figo maishani mwake, na wengine wanasema alirogwa. Ni nini kilichomuua?*

Ndugu yangu, pole sana. Kilichomuua ni misuli ya miguu yake mwenyewe, iliyokandamizwa na jiwe hadi ikafa. Msuli unaokufa una vitu viwili vya hatari ndani yake: potasiumu, ambayo ikijaa kwenye damu husimamisha moyo, na rangi nyekundu ya msuli inayoitwa mayoglobini, ambayo huziba na kuunguza mifereji ya figo na kuutia mkojo weusi ule mliouona. Jiwe likiwa bado juu ya miguu, sumu hizo hubaki kwa sehemu kubwa zimefungiwa pale. Likiondolewa, damu hurudi miguuni na kuzisambaza mwili mzima. Ndiyo maana mtu anaweza kuzungumza, kucheka na kuomba sigara, kisha akazidiwa baada ya kuokolewa. Mwaka 1941 madaktari wawili, Eric Bywaters na Desmond Beall, walieleza jambo hilihili kwa watu waliotolewa chini ya nyumba zilizobomolewa kwa mabomu mjini London. Walitolewa wakiwa hai, na siku chache baadaye wakafa kwa figo. Hakuna aliyewaroga.

Naandika kwa urefu kidogo kwa sababu mashimo yetu hubomoka kila mvua zinapokolea, na wanaofika kwanza ni ninyi, si sisi. Kama shimo halitishii kuwaangukia wote, na kama mnaweza kumpata muuguzi, serumu ya chumvi ianze kuingia mkononi mwa aliyenaswa *kabla* jiwe halijainuliwa, na iwe ile ya chumvi tupu isiyochanganywa na potasiumu. Mgonjwa mzima mara nyingi huhitaji karibu lita moja kwa saa mwanzoni, huku mkojo wake ukipimwa. Asipewe diklofenaki kwa ajili ya maumivu. Kama hakuna muuguzi na udongo bado unateremka, mtoeni haraka, kwa sababu shimo linalobomoka haliwezi kusubiri serumu. Na akishatoka, hata kama anatembea, apelekwe hospitali kubwa siku hiyohiyo, mkieleza kwa maneno yaliyo wazi alinaswa kwa muda wa saa ngapi na ni kiungo gani kilikandamizwa. Figo za namna hii ni za ghafla: akisaidiwa kuvuka wiki mbili au tatu za mwanzo, nyingi hurudi.

Kwa kuwa uko kwenye dhahabu, neno moja nje ya swali lako. Ule moshi unaotoka mnapochoma dhahabu iliyoshikwa na zebaki huingia mwilini kwa pumzi, na figo ni mojawapo ya mahali zebaki inapokwenda kukaa. Msichomee ndani ya nyumba mnamolala watoto.

*Dada wa Bagira, miaka 27: Asubuhi naamka macho yamevimba, jioni viatu haviingii, na mkojo una povu jingi lisilopotea. Siku nyingi natumia sabuni na mafuta ya kungarisha ngozi. Jirani amenishauri ninywe maji lita tano kila siku na dawa ya mizizi ili kusafisha figo. Nifanye hivyo?*

Usifanye, dada. Bonyeza mfupa wa mguu wako kwa kidole gumba na uhesabu hadi kumi. Kidole kikiacha shimo, ni maji yaliyokaa chini ya ngozi, na kuongeza lita tano juu yake ni kuongeza mzigo. Figo nzima hazihitaji kusafishwa na mtu, na figo mgonjwa haziwezi kulazimishwa kwa maji. Povu lisilopotea laweza kuwa protini inayovuja kwenye vichujio, na kikaratasi cha kupimia mkojo kitalionyesha hilo ndani ya dakika mbili kwenye kituo chochote cha afya. Nenda wiki hii.

Chukua na sabuni hiyo uende nayo. Baadhi ya bidhaa za kujichubua zina zebaki, na zebaki inayopenya kwenye ngozi kila siku inaweza kusababisha hasa ugonjwa wa aina unayoeleza, wa kuvuja protini na kuvimba. Habari njema, kama ndiyo sababu, ni kwamba wengi hupata nafuu wakiacha mapema. Kuhusu mizizi, siipingi miti ya babu zetu kwa jumla, lakini hakuna anayeweza kuniambia kipimo cha kikombe kile, na nimeshapokea vijana waliokuja na figo za ghafla siku ya pili baada ya kukinywa. Hayohayo nayasema kwa diklofenaki na ibuprofeni zinazouzwa moja moja mezani sokoni: kwa mtu mwenye afya, siku mbili tatu si neno; kwa aliyeharisha, mzee, au mwenye figo zilizoanza kuchoka, zinaweza kuzibana figo hadi zikasimama. Parasetamoli kwa kipimo chake ni salama zaidi.

*Baba wa familia, Goma: Mke wangu ana figo sugu za hatua ya nne, na daktari ametutaka tujitayarishe kwa dialize. Ndugu wanasema dialize ukiingia hutoki. Mwaka jana mpwa wetu wa miaka 19 alipopata malaria kali na mkojo mweusi, madaktari walitaka kumweka kwenye mashine, tukakataa kwa sababu hiyohiyo, akafa. Sasa sijui niamini nini.*

Mzee wangu, swali lako limenikalisha muda mrefu. Waliowaambia kwamba ukiingia hutoki walikuwa wamewaona wagonjwa wa figo sugu, na kwa hao walisema kweli nusu: mashine haiwatoi kwenye ugonjwa, inafanya kazi ya figo mahali pa figo, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, maisha yao yote au hadi wapandikizwe figo nyingine. Kwa mgonjwa wa ghafla mambo ni tofauti kabisa. Malaria inapovunja chembe nyekundu kwa wingi, figo huzibwa na kusimama, lakini kwa wengi husimama kwa siku au wiki tu. Mashine inamvusha mgonjwa potasiumu isisimamishe moyo na maji yasijae mapafuni, kisha figo zikiamka anaondolewa.

Hata historia ya mashine yenyewe inasema hivyo. Daktari Willem Kolff aliijenga Uholanzi mwaka 1943, wakati wa vita, na mgonjwa wa kwanza kuokolewa nayo, mwaka 1945, alikuwa mwanamke wa miaka 67 mwenye figo za ghafla. Alizinduka kutoka kwenye usingizi wa mauti, figo zake zikarudi, akaishi miaka mingine bila mashine. Kwa miaka mingi dialize ilikuwa ya watu kama yeye tu. Wagonjwa wa figo sugu hawakuweza kusaidiwa hadi mwaka 1960, Belding Scribner wa Seattle alipobuni mrija wa kubaki mkononi ili mishipa isitobolewe upya kila mara. Dialize ilianza kama chombo cha kuingia na kutoka.

Sisemi haya ili kuwaongezea uchungu wa mpwa wenu. Hakuna anayeweza kuwahakikishia kwamba angepona, kwa kuwa malaria ya namna ile huua hata penye mashine, na ninyi mliamua kwa yale mliyokuwa mmeambiwa. Kama kuna wa kulaumiwa, ni sisi tunaotamka neno dialize mlangoni huku tunakimbia, bila kusema kama ni ya wiki mbili au ya maisha.

Kwa mkeo ni ya maisha, na mna haki ya kulijua hilo mapema. Ulizeni gharama ya kila kipindi, na mhesabu ya mwaka mzima kabla hamjauza shamba. Ulizeni pia kuhusu dialize ya tumboni, ambayo huingiza maji maalumu tumboni na kuyatoa bila mashine ya damu, na kuhusu kupandikizwa: Kigali walianza kupandikiza figo mwaka 2023, na kwa mgonjwa anayefaa, figo ya ndugu hushinda mashine kwa urefu wa maisha na kwa raha. Wapo pia wanaochagua kutoingia kwenye mashine, hasa wazee sana wenye maradhi mengine, wakatunzwa kwa dawa za kupunguza kichefuchefu, kuwashwa na kubanwa pumzi. Uamuzi huo nao unastahili heshima, mradi uwe wake yeye na si wa kikao cha wajomba.

Wakati mnafikiri, lindeni mkono wake wa kushoto, ikiwa anatumia wa kulia. Siku ikifika, mpasuaji ataunganisha pale mshipa wa vena na ateri ili damu ipate njia pana ya kwenda kwenye mashine, na kiungo hicho huhitaji majuma kadhaa kukomaa na kinataka vena ambayo haijachakazwa. Kila mara muuguzi anapokuja na sindano au serumu, mkeo amwambie achome nyuma ya kiganja cha mkono wa kulia.